Kutoka Milki ya Baba hadi Maslahi ya Mtoto: Historia ya Malezi Baada ya Wazazi Kutengana

Wahenga walisema kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Methali hiyo hutumiwa kumkumbusha mzazi wajibu wake, lakini ndani yake mna swali jingine ambalo limewahangaisha wanasheria kwa karne nyingi. Ikiwa kazi ni kulea, na wazazi wawili wametengana, kazi hiyo ni ya nani? Na mzazi aliyeachiwa sehemu ndogo tu ya kazi hiyo, naye akiona kwamba mtoto hatunzwi vyema huko aliko, aende wapi kudai sehemu kubwa zaidi, na akifika huko aseme nini?

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi swali hilo lilivyojibiwa katika sheria ya Uingereza tangu mwanzo wa karne ya kumi na tisa, kisha jinsi jibu hilo lilivyokutana na majibu mengine katika Afrika Mashariki. Sheria ya Uingereza imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ndiyo iliyoletwa katika mahakama za Kenya na Tanganyika wakati wa ukoloni. Pili, mageuzi yake yanaonekana wazi katika kisa cha mama mmoja, Caroline Norton. Itaonekana kwamba jambo kubwa katika mageuzi hayo halikuwa kumnyang'anya baba haki na kumpa mama. Jambo kubwa lilikuwa kubadilika kwa swali lenyewe: mahakama iliyokuwa ikiuliza mtoto ni wa nani ilifika mahali pa kuuliza mtoto atafaidiwa na nini. Na kwa kuwa swali hubebwa na maneno, historia ya sheria hii ni historia ya maneno pia.

Mtoto wa Baba

Kwa sheria ya mapokeo ya Uingereza, yaani ile iliyojengwa kwa hukumu za mahakama na si kwa kutungwa na Bunge, mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa alikuwa chini ya mamlaka ya baba yake peke yake. William Blackstone, ambaye maelezo yake ya sheria za Uingereza yalianza kuchapishwa mwaka 1765, alifundisha kwamba mama, kwa umama wake, hana uwezo wowote juu ya mtoto. Anachostahili ni heshima tu.

Ukali wa kanuni hiyo ulidhihirika mwaka 1804 katika shauri la De Manneville. Mama alikuwa ametengana na mumewe, naye anakaa na mtoto wao mchanga wa miezi minane ambaye bado ananyonya. Baba aliingia akamtwaa mtoto kwa nguvu. Mama alipokwenda mahakamani, Jaji Mkuu, Lord Ellenborough, aliamua kwamba baba ndiye mwenye haki ya kukaa na mtoto kwa mujibu wa sheria, na kwamba haikuthibitishwa kuwa ameitumia haki hiyo vibaya. Yafaa kuangalia jinsi hoja ilivyopangwa. Mahakama haikukana kwamba mtoto aweza kudhurika. Ilichosema ni kwamba haki ya baba hutangulia, na madhara lazima yawe makubwa mno ndipo haki hiyo iguswe.

Kweli ilikuwako mahakama nyingine, ile ya Chancery, iliyoshika madaraka ya mfalme ya kuwalinda wale wasioweza kujilinda wenyewe. Mwaka 1817 mahakama hiyo, chini ya Lord Eldon, ilimnyima mshairi Percy Bysshe Shelley watoto wake wawili baada ya mama yao kufariki, kwa sababu ya mwenendo wake na mambo aliyoyaamini. Walakini madaraka hayo yalitumiwa kwa nadra, na kwa kawaida hayakumsaidia mama. Mwaka 1836, katika shauri la Greenhill, mama aliamriwa kuwakabidhi binti zake watatu kwa baba yao, wote wakiwa na umri wa chini ya miaka sita, ingawa baba huyo alikuwa akiishi na mwanamke mwingine. Uzinifu wa baba haukuondoa haki yake, maadamu haikuonekana kwamba watoto wenyewe wamo katika hatari ya ukatili au ya kuharibiwa tabia.

Kisa cha Caroline Norton

Katika mwaka huohuo wa 1836 ndipo Caroline Norton alipopoteza watoto wake. Alizaliwa mwaka 1808, mjukuu wa Richard Brinsley Sheridan, mtunzi mashuhuri wa michezo ya kuigiza, na yeye mwenyewe alikuwa mshairi na mwandishi aliyejulikana sana mjini London. Mwaka 1827 aliolewa na George Norton, mwanasheria na mjumbe wa Bunge. Walipata watoto watatu wa kiume: Fletcher, Brinsley na William. Ndoa ilikuwa ya magomvi na mapigo. Katika majira ya kuchipua ya mwaka 1836 mume aliwaondoa watoto nyumbani, akawapeleka kwa ndugu zake, na baadaye Scotland. Kisha akamshitaki Waziri Mkuu, Lord Melbourne, kwa madai ya kuzini na mkewe, akitaka fidia ya pauni 10,000. Shauri lilisikilizwa mwezi wa Juni, na wazee wa baraza walimwachilia Lord Melbourne bila hata kutoka nje kushauriana.

Ingetazamiwa kwamba mke ambaye tuhuma juu yake zimeanguka mahakamani angerudishiwa watoto wake. Haikuwa hivyo. Hukumu ile haikumhusu yeye kwa sheria, kwa kuwa mke aliyeolewa hakuwa mdai wala mdaiwa katika shauri la namna hiyo, na haki ya baba juu ya watoto haikutegemea kwamba mama ana hatia au hana. Mdogo wao alikuwa bado mtoto mdogo sana. Mama aliweza kuwaona pale tu baba alipotaka, na baba aliitumia ruhusa hiyo kama silaha katika mabishano yao ya fedha.

Hapo ndipo Bibi Norton alipochukua kalamu. Mwaka 1837 alitoa kijitabu juu ya haki ya asili ya mama ya kukaa na watoto wake, na mwaka uliofuata akatoa kingine juu ya kutenganishwa kwa mama na mtoto. Mwaka 1839 alimwandikia mkuu wa sheria wa nchi barua ya wazi, akitumia jina la kiume la Pearce Stevenson, maana alijua kwamba maneno ya mwanamke aliyesengenywa yangepuuzwa. Katika maandishi hayo hakudai kwamba mwanamke awe sawa na mwanamume katika mambo yote. Wala hakuamini hivyo. Alidai jambo dogo zaidi na zito zaidi: kwamba mtoto mchanga anamhitaji mama yake, na kwamba sheria isiyoweza hata kuliuliza jambo hilo ni sheria pofu. Nguvu ya hoja yake ilikuwa hapo. Alipoanza kusema juu ya haki yake, alijikuta analazimika kusema juu ya haja ya mtoto, kwa sababu sheria ilikuwa imeufunga mlango wa kwanza.

Mjumbe mmoja wa Bunge, Thomas Noon Talfourd, alikubali kuipeleka hoja hiyo Bungeni. Yeye alikuwa wakili, na katika shauri la Greenhill alikuwa amemtetea baba. Alishinda, na ushindi huo ukamsumbua. Mswada wake wa mwaka 1837 uliondolewa. Wa mwaka 1838 ulipita katika Baraza la wajumbe waliochaguliwa, ukakataliwa na Baraza la Malodi. Mwaka 1839 ulipita katika mabaraza yote mawili.

Sheria hiyo ya 1839 ilimruhusu mama kuomba katika mahakama ya Chancery akae na watoto wenye umri wa chini ya miaka saba, na aruhusiwe kuwaona waliopita umri huo. Mama ambaye uzinifu wake umethibitishwa mahakamani hakuwa na nafasi ya kuomba. Tena, sheria ilimpa mama ruhusa ya kuomba tu. Uamuzi ulibaki mikononi mwa jaji. Lakini kwa mara ya kwanza Bunge la Uingereza lilikubali kwamba haki ya baba si ukuta usio na mlango.

Bibi Norton mwenyewe hakufaidiwa na sheria aliyoipigania. Watoto wake walikuwa Scotland, ambako sheria hiyo haikuwa na nguvu. Mwaka 1842 mtoto wa mwisho, William, alianguka kutoka juu ya farasi mdogo. Kwa maelezo ya mama yake, jeraha lilikuwa dogo, ila halikutunzwa, likaharibika. Mama alipoitwa na kufika, mtoto alikwisha kufa. Baada ya msiba huo ndipo baba alipolegeza, akawaruhusu wale wawili waliobaki kumtembelea mama yao. Kisa hicho kinaonyesha jambo ambalo mabishano ya haki huweza kulificha: wazazi wanapogombana juu ya nani ni mwenye mtoto, mtoto aweza kukosa mtu wa kumfunga kidonda.

Mwendo wa Karne Moja

Mageuzi yaliyofuata yalikwenda polepole. Sheria ya 1873 iliongeza umri kutoka miaka saba hadi kumi na sita, na kumwondolea mama kizuizi cha uzinifu. Hata hivyo majaji hawakuiacha upesi kanuni ya zamani. Mwaka 1883, katika shauri la Agar-Ellis, mama aliyetengana na mumewe aliomba binti yao mwenye umri wa miaka kumi na sita aruhusiwe kukaa naye wakati wa likizo. Binti mwenyewe alitaka hivyo. Mahakama ilikataa, ikasema kwamba haifai kuingilia kati ya baba na mtoto ikiwa baba hajaonekana kuwa na kosa kubwa. Katika shauri hilo maslahi ya mtoto yalitajwa, lakini yalitafsiriwa kwa namna ya pekee: ilidhaniwa kwamba lililo jema kwa mtoto ni lile analoliamua baba.

Sheria ya 1886 iliagiza mahakama iangalie maslahi ya mtoto pamoja na mwenendo na matakwa ya wazazi wote wawili. Hatimaye sheria ya 1925 ilisema wazi kwamba maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza na ndiyo makuu, na kwamba dai la baba halizidi la mama wala la mama halizidi la baba. Tangu Bibi Norton kunyang'anywa watoto wake hadi maneno hayo kuandikwa ilikuwa imepita miaka themanini na tisa.

Majibu ya Afrika Mashariki

Sheria hiyo ilipofika Afrika Mashariki haikukuta nyumba tupu. Katika miji ya pwani na visiwani, Waislamu wa madhehebu ya Shafii walikuwa na kanuni zilizopangwa tangu zamani. Katika kanuni hizo mambo mawili hutenganishwa. Hadhana ni kazi ya kumtunza mtoto mdogo, na mwenye haki ya kwanza ni mama. Mama asipokuwapo au akipungukiwa na masharti, haki huenda kwa bibi mzaa mama. Uwalii, yaani usimamizi wa mali na mambo makubwa ya mtoto, ni wa baba, naye ndiye alipaye gharama za matunzo. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, ambao kwa kawaida huhesabiwa kuwa miaka saba, huulizwa achague akae na nani. Mama akiolewa na mtu asiye jamaa wa mtoto hupoteza hadhana. Sharti hilo la mwisho limewaumiza akina mama wengi, na haifai kulificha. Lakini ni dhahiri kwamba, wakati Lord Ellenborough alipokuwa akimwachia baba mtoto anayenyonya, kadhi wa Unguja au Mombasa aliyefuata vitabu vyake angalimrudisha mtoto huyo kwa mama.

Kwa makabila mengi ya bara yanayofuata ukoo wa baba, mahari iliyolipwa ndiyo iliyoamua mtoto ni wa ukoo gani. Mtoto anayenyonya aliachiwa mama kwa muda, kisha akarudi kwa baba. Kwa makabila yanayofuata ukoo wa mama, kama Waluguru, mjomba alikuwa na sauti kubwa, na swali la baba au mama halikuwa na sura ileile. Sheria za mila za ukoo wa baba zilipokusanywa na kutangazwa Tanganyika mwaka 1963, kanuni ya kwamba watoto wa ndoa ni wa baba iliandikwa humo.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilijaribu kuyaweka majibu hayo chini ya paa moja. Inasema kwamba jambo la kwanza kuangaliwa ni maslahi ya mtoto. Baada ya hilo mahakama itaangalia matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe ikiwa umri wake unamwezesha kutoa maoni yake, na mila za jamii yao. Inakisiwa kuwa mtoto wa chini ya miaka saba afaa akae na mama yake, lakini kisio hilo laweza kupingwa kwa ushahidi, na katika kuliamua mahakama itazingatia ubaya wa kuyavuruga maisha ya mtoto kwa kumhamisha-hamisha. Kwa hiyo idadi ya miaka saba inapatikana katika sheria ya Uingereza ya 1839, katika kanuni za Shafii na katika sheria ya 1971. Asili zake hazikuwa moja. Pengine kila jamii iliona, kwa macho yake yenyewe, kwamba kuna umri ambapo mtoto huanza kuwa na ulimi wake.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliongeza mambo ya kupimwa: umri na jinsia ya mtoto, maoni yake, faida ya kutowatenganisha ndugu, na haja ya malezi yasiyokatika-katika. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 inataka baba na mama wawe na wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kwa sheria hizo mzazi aliyetengana na mwenzake, anayetaka kuongezewa muda wa kukaa na mtoto, hatoshelezi akisema kwamba yeye ni baba au kwamba yeye ndiye aliyebeba mimba. Anatakiwa aonyeshe hali ya mtoto: kama anakula, kama anakwenda shule, kama akiugua anapelekwa hospitali, kama anapigwa. Na mzazi wa pili aweza kujibu kwamba mtoto amekwisha kuzoea mahali alipo. Afisa wa ustawi wa jamii huenda nyumbani kutazama kwa macho. Njia hii nayo ina hatari yake, kwa kuwa mzazi mwenye chuki aweza kuyavaa maslahi ya mtoto kama kanzu ya kufunikia ugomvi wake. Lakini mashitaka ya uwongo juu ya hali ya mtoto yanaweza kupimwa kwa kumwangalia mtoto, ilhali dai la milki halikuhitaji mtoto aangaliwe hata kidogo.

Maneno na Mizigo Yake

Inabaki kutazama maneno. Waingereza waliliita jambo hili kwa neno litokanalo na Kilatini custodia, ambalo maana yake ni ulinzi, na ambalo hutumiwa pia kwa mahabusu aliye mikononi mwa polisi. Mtoto waliyebishaniwa aliitwa kwa neno litokanalo na infans, yaani asiyesema. Na kweli binti wa miaka kumi na sita katika shauri la Agar-Ellis alikuwa asiyesema mbele ya sheria, ingawa alisema. Waingereza wenyewe walikuja kuuona ubaya wa msamiati huo. Sheria yao ya mwaka 1989 iliuacha, ikatumia maneno ya makao na mawasiliano. Na mwaka 2014 hata hayo yaliachwa, ikasemwa tu juu ya mipango ya mtoto, kwa kuwa wazazi walikuwa wameyageuza yale ya kwanza kuwa kombe la mshindi na la mshindwa.

Kiarabu kilitoa hadhana, neno la asili moja na lile la kifua au kumbatio. Kiswahili chenyewe kina kitenzi kulea, ambacho hakina ndani yake fikira ya milki. Mtu halei kitu alicho nacho. Analea kiumbe anayekua na kumwacha. Kutokana nacho hupatikana mlezi, ulezi, malezi na kulelewa, na katika umbo hilo la mwisho mtoto ndiye anayesimama mbele ya sentensi. Hata hivyo katika maandishi ya kisheria hukutwa pia hifadhi, uangalizi na ulinzi, na kila moja lina mzigo wake. Hifadhi hutumiwa kwa wanyama wa porini na kwa vitu vya thamani. Ulinzi humfanya mzazi wa pili aonekane kama mwizi. Uangalizi waweza kufanywa na mtu wa mbali asiyempa mtoto uji.

Jambo hili si la wanafunzi wa lugha peke yao. Tangu mwaka 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na maneno yatakayozoeleka katika hukumu ndiyo wazazi watakayoyachukua kwenda nayo nyumbani. Katika mazungumzo ya kila siku bado husikika kwamba fulani amempata mtoto mahakamani, na mwenzake amemkosa. Kauli hizo zinazungumza lugha ya mwaka 1804. Sheria yenyewe imekwisha kusogea mbali nazo: inachogawa si mtoto, ni kazi ya kumlea, na kazi yaweza kugawanywa tena kila hali ya mtoto inapobadilika. Waandishi wa hukumu na watungaji wa kamusi za sheria wakilishikilia neno malezi, mzazi anayerudi mahakamani kuomba muda zaidi atajua tangu mlangoni ni jambo gani analoulizwa.